Pua Wazi, Mlango Umefungwa

Watu wa Malaba wakisikia nataka kuandika habari za Sista, swali lao la kwanza ni kama nitaandika alivyomfukuza mchungaji wodini. Nitaandika. Tena naanza na hilo, ili wanaosoma kwa ajili yake tu walipate mapema waende zao.

Mchungaji alikuja na Biblia kwapani na kichupa cha mafuta, kuwaombea wagonjwa wa korona tuliokuwa tumewatenga. Usoni hakuwa amevaa chochote, akisema imani inamtosha. Alikuwa mchungaji wake Sista mwenyewe, aliyembatizia watoto. Akamkuta amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama kawaida yake.

"Sista, nimekuja kwa jina la Bwana."

"Bwana aingie," Sista akajibu. "Yeye hakuna mtu anazuia. Wewe ndio unabaki nje."

"Unamzuia mtumishi wa Mungu?"

"Mimi nazuia pua. Pua wazi, mlango umefungwa."

Basi mchungaji akaombea wagonjwa kutoka dirishani, kwa sauti kubwa ya kumkomoa. Mvua ilipoanza, Sista alichukua mwavuli akamshikia mpaka akasema amina. Makanisa yalipofunguliwa Sista alirudi kukaa benchi la mbele kama zamani, na hakuna aliyemwomba mwenziwe radhi.

Sista alikuwa mkuu wa wauguzi katika kituo chetu cha afya, kando ya barabara ya malori kati ya Malaba na Tororo. Jina lake sitalitaja. Miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikumsikia mtu akimwita kwa jina, na nadhani hata mumewe alimwita Sista. Wala msimdhanie kuwa mama wa kijijini mwenye hekima ya kuzaliwa nayo, wale wanaopendwa sana kwenye hotuba. Alikuwa msomi, ana diploma mbili, amezitundika ukutani juu ya meza yake, na mgeni aliyeketi bila kuzitazama alionyeshwa.

Alikuwa na mkono wa birika. Sukari ya chai ya wauguzi aliifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba. Ukiomba kijiko cha pili alikuuliza kama umeajiriwa na kampuni ya sukari. Lakini mama akijifungua kwetu bila khanga ya kumfungia mtoto, Sista alikwenda kimya hadi kwenye sanduku lake, akatoa khanga mpya, na ole wako umshukuru mbele ya watu. Kwenye harusi alilia mpaka pua ikamvimba. Kwenye mazishi sikuwahi kuona chozi lake.

Usafi ndio uliokuwa dini yake ya pili, na kuna siku niliona ndiyo ya kwanza. Sare yake nyeupe ilitiwa jiki, ikatiwa wanga wa muhogo, ikapigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Asubuhi alitupanga barazani akatukagua kucha, kola na viatu. "Doa halina udogo," alisema, na akikuona una doa la chai kifuani alikurudisha nyumbani mbele ya wagonjwa. Tulimwogopa, tulimsengenya, tukafua. Kumbuka hili la kufua, maana lilikuja kutuponza.

Sasa niseme kuhusu Opio, kwa sababu bila Opio hutamwelewa Sista.

Siku zile mpaka ulikuwa umefungwa kwa watu lakini malori yalipita. Madereva walipimwa pale mpakani, wakangoja majibu wakilala chini ya matrela, foleni ikawa huoni mwisho wake. Waliozidiwa, baadhi yao waliletwa kwetu, tukawaweka katika wodi ya zamani ya kifua kikuu. Barakoa tulizokuwa nazo ni zile nyembamba za samawati, ambazo ukivaa unausikia upepo shavuni, na hizo nazo zilikwisha. Opio alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, mtu wa mzaha, aliyewaita madereva kwa rangi za malori yao. Aliingia kwa wagonjwa wa korona na barakoa ya kitenge aliyoshonewa na mkewe, kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na kingine. Akaugua. Akapelekwa mbali kwenye oksijeni, na aliporudi alirudi ndani ya sanduku. Tulimzika watu wachache tumesimama mbalimbali, na mkewe hakuruhusiwa kumwona uso. Mimi sijasamehe mpaka leo. Nalisema wazi, ili usinitarajie kuwa mpole katika yanayofuata.

Sista alitoka mazishini akaja moja kwa moja kituoni, matope yakiwa bado viatuni, yeye aliyeturudisha nyumbani kwa doa la chai. Akasimama kwenye mlango wa wodi akatuita sote.

"Nyinyi mnasikia? Kuanzia leo hakuna mtu anapita hapa kama pua iko wazi. Na pua ya kitambaa pia ni wazi. Hata daktari. Hata mimi. Hata mgonjwa akiita mama yake."

"Na wagonjwa je, Sista?" nikauliza.

"Mgonjwa atangoja mtu mwenye amevaa. Mmoja akivaa vizuri anaweza kuosha wote. Nyote mkiingia uchi, Nafula, kesho nani ataosha?"

Wapo waliosema Sista alikuwa na roho ngumu. Ilikuwa ngumu, ndiyo. Mimi nilikuwa na mtoto wa kunyonya nyumbani, na ule ugumu ndio ulionifanya nirudi kwake jioni.

Kesho yake, Opio akiwa tayari udongoni, tukaletewa katoni moja ya barakoa nene, zile zinazobana pua na mashavu, tulizoziita tisini-na-tano kwa namba iliyochapwa mbele. Baada ya katoni hiyo ofisi ya juu, ile inayotugawia vifaa, ikanyamaza. Tulipiga simu, wakasema zitakuja. Tulipopiga tena, hawakupokea. Katoni ilitutosha kila mtu na yake, na kidogo ya akiba. Sista aliandika jina la kila muuguzi kwenye mfuko wa kaki kwa mwandiko wake wa shule, na kwa kuwa alifuata majina ya zamu za zamani, akajikuta ameandika na la Opio. Hakulifuta. Aliuweka mfuko ule, na barakoa ndani yake, rafuni pamoja na ya wengine.

Barakoa ya namna ile imetengenezwa ivaliwe mara moja itupwe. Sista alijua, tena alijua kuliko waliokuja baadaye kutusomea. Lakini alijua pia kwamba tukizitupa jioni, asubuhi tutaingia na vitenge. Akaanza kutafuta njia ya kuua vijidudu vilivyobaki juu ya barakoa bila kuiua barakoa yenyewe. Aliwapigia simu wote aliosoma nao, akasoma kila alichoweza kukifungua kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akamsumbua fundi wa mitambo wa hospitali moja kubwa mpaka yule bwana akawa anazima simu. Jibu likawa hivi. Ndani ya barakoa mna nyuzi zenye umeme mdogo unaonasa chembechembe, kama kitana cha plastiki ulichosugulia nywele kinavyonasa vipande vya karatasi. Sabuni inauondoa umeme ule. Jiki inauondoa, spiriti inauondoa. Jua halitoshi. Ile mashine yetu ya mvuke ya kuchemshia mikasi ingeikunja barakoa ya aina yetu ikawa kama ganda. Kilichofaa ni joto la wastani, lisilofikia kuchemka, lenye unyevu, kwa muda wa kutosha. Tatizo ni kwamba kituo hakikuwa na chombo cha kutoa joto la namna hiyo.

Hoteli za Malaba ndizo zilizokuwa nacho. Ni lile kabati la kioo la kuwekea sambusa zisipoe, lenye taa ndani na trei ya maji chini ili zisikauke. Wenyewe huliita woma. Sista alilikuta kwa mama mmoja mzaliwa wa upande wa Kenya, mwenye hoteli upande wetu, iliyofungwa tangu madereva wakatazwe kushuka.

"Chukua tu, Sista," yule mama akamwambia. "Hii woma si imelala hapa kama mimi? Madere hawashuki, sambusa nitamuuzia nani? Lakini ukinirudishia na korona ndani, tutakosana."

"Ikishaingia kwangu wewe mwenyewe hutaitaka tena," Sista akasema, na kweli hakuitaka tena.

Wakusanya maziwa wa Molo, hapa jirani, wakamwazima kipimajoto chao kirefu. Sista alikaa mbele ya kile kioo siku nzima, akigeuza kitufe, akiongeza maji, akitazama joto lilivyopanda na lilivyoshuka, kama mtu aliyeachiwa sufuria ya maziwa jikoni. Hakutia barakoa hata moja mpaka alipohakikisha joto linatulia anapotaka yeye. Barakoa iliyolowa, iliyochafuka au iliyolegea mpira haikuingia kabatini kabisa. Ilikwenda kuchomwa. Kila ilipoingia ilitiwa alama kwenye mfuko wake, na alama zikizidi kikomo alichoweka, nayo ilichomwa, hata ionekane nzima namna gani. Wiki ya kwanza zilinukia sambusa za kuku ingawa kabati lilisuguliwa mpaka mikono ikachubuka. Tulishinda na njaa bure. Sista, ambaye hakuvumilia harufu ya kitu cha kukaanga, alivaa ya kwake kutwa nzima.

Alichokiona kigumu kuliko joto ni sisi. Watu wa mpakani tumelelewa kugawana. Anayetoka zamu humwachia anayeingia tochi, funguo, kiti chenye joto na habari za umbea. Tukaanza kuachiana na barakoa. Nikimaliza mimi, namvulia mwenzangu kwa heshima, tena kwa mikono miwili. Sista alitukuta, akatukaripia, akaeleza, akachora. Siku ya pili tukaachiana tena, kwa sababu kumnyima mwenzako kitu ulichokishika mkononi ni jambo la aibu kwetu.

Basi akatutoa nje kwenye nyasi. Lazima niseme hapa kwamba Sista, na ubenchi wake wa mbele kanisani, alikunywa malwa. Hakuificha. Jumamosi alikaa na wanawake wenzake kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, wakinywa kwa mirija mirefu, na mrija wake aliuchemsha, akaukausha, akauhifadhi katika ala ya kitambaa aliyoishona mwenyewe. Kila mnywaji wa huku ana mrija wake. Chungu ni kimoja, lakini mrija wa mtu haushikwi.

"Athieno," akamwita muuguzi mdogo kuliko sote, aliyeolewa karibuni. "Wewe unaweza kunyonya kwa mrija ya baba mkwe?"

Athieno akaruka. "Aa, Sista! Hiyo ni mwiko! Baba mkwe wangu?"

"Kwa nini?"

"Mate yake imeshika pale! Mimi naweza kufa na aibu!"

"Sasa hii maski ndio mrija," Sista akasema, akainua mfuko wa kaki. "Hii ya Nafula ni mrija ya baba mkwe wako. Hii yako ni mrija ya baba mkwe wa Nafula. Nani anataka kunyonya?"

Tulicheka hadi tukakaa chini. Na tangu saa ile hakuna aliyegusa barakoa ya mwenzake, na aliyeuona mfuko wa mtu umeanguka alimwita mwenyewe kwa jina aje auokote.

Huyu Athieno ndiye aliyefanya kosa, na alilifanya kwa sababu alikuwa mwanafunzi bora wa Sista. Kila kitu alichofundishwa alikishika. Siku moja aliondoka na barakoa yake kwa siri. Akaifua kwa sabuni ya unga, akaitia jiki, akaianika kambani, akaipitishia pasi pembeni. Asubuhi akaja nayo inang'aa kama kitambaa cha meza ya Bwana.

"Sista, tazama, yangu iko safi kushinda zote."

Sista aliipokea, akaigeuzageuza. Tulikuwa na kipimo chetu kabla ya kuingia. Alikuwa ameshona kofia kubwa ya nailoni yenye dirisha, unavishwa kichwani na barakoa yako usoni, halafu yeye anapuliza ndani maji ya kwinini kwa kichupa cha marashi. Barakoa ikiwa nzima na imekaa vizuri, husikii kitu. Ikivuja, uchungu wa kwinini unaujua mwenyewe. Akamvisha Athieno, akapuliza mara moja.

"Chungu!" Athieno akapiga kelele. "Chungu, Sista!"

Sista akaivua, akaikata kwa mkasi, akaitupa kwenye pipa la kuchoma. Tukangoja radi ipige. Badala yake akaketi kwenye kizingiti cha wodi, na sare yake ile nyeupe, chini kwenye vumbi la saruji linalotutembelea kila siku kutoka viwandani Tororo.

"Ni mimi nilikufundisha," akasema. "Miaka yote nasema fua, fua. Umenisikia. Pole, mtoto wangu."

Kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimsikia akisema pole kazini. Halafu akasimama, akaenda rafuni, na kwa kuwa akiba ilikuwa imekwisha, akatoa mfuko wenye jina la Opio, akampa. Athieno akalisoma jina.

"Ya marehemu, Sista?"

"Ilikuja ikamkosa. Isikukose na wewe."

Athieno akaivaa. Akapulizwa, akatikisa kichwa kwamba hasikii uchungu, machozi yakimtiririka hadi kwenye mpira. Jina la Opio tuliliacha palepale kwenye mfuko, na la Athieno likaandikwa chini yake.

Je, kabati lile lilituokoa? Naulizwa sana. Wawili wetu waliugua baadaye wakapona, na siwezi kuapa kama waliambukizwa wodini au sokoni. Baada ya Opio hatukuzika muuguzi mwingine. Sista mwenyewe hakuwahi kujisifu. Ukimwuliza alijibu, "Bado tuko," akaendelea na kazi.

Kilichomharibia ni picha. Dereva mmoja aliyepona alilipiga picha kabati akiwa dirishani, na kabla ya jioni picha ilikuwa kwenye simu za watu pande zote mbili za mpaka, na maneno ya kejeli: sambusa za korona zipo, karibuni. Watu walicheka. Mkubwa mmoja wa ofisi ya juu hakucheka. Alikuja na gari jeupe, na usoni barakoa ya samawati imeshuka chini ya pua.

"Sista, umetuaibisha. Nchi nzima inaona tunapika maski kwa kabati ya sambusa."

"Aibu ni kabati ama aibu ni stoo?"

"Sheria ni kuvaa mara moja, kutupa."

"Sheria ni nzuri. Lete za kutupa."

"Zitakuja."

"Opio pia aliambiwa zitakuja."

Mkubwa akavimba. Akasema anataka kukagua wodi, tena sasa hivi. Sista akaweka mikono nyuma.

"Huwezi kuingia."

"Unajua mimi ni mkubwa wako?"

"Najua. Ndio maana sitaki ufe kwangu. Hiyo umevaa ni wazi, na mimi sina ingine ya kukupa. Ya mwisho ilikuwa ya marehemu."

"Nitafungua mwenyewe!"

"Fungua," Sista akasema, akasogea pembeni.

Mkubwa akanyoosha mkono. Ndani mtu akakohoa, kikohozi kile kirefu kisichopata mwisho. Mkono ukarudi mfukoni. Akaangalia saa yake, akatuangalia sisi tuliopangana barazani na mifuko yetu ya kaki, akasema tutasikia kutoka kwake. Tulitaka kushangilia. Sista akatuuliza kama hatuna kazi.

Tulisikia kweli. Sista alihamishwa kwenda zahanati ndogo huko Petta, isiyo hata na kitanda cha kulaza mtu, ilhali amebakiza muda mfupi kustaafu. Wakamtumia na mpatanishi, bwana mmoja mwenye sauti ya asali, akamwambia kwamba akiomba radhi mbele ya kikao, uhamisho utafutwa.

"Niombe radhi kwa pua ya nani?" Sista akamwuliza. "Ya Nafula? Ya Athieno? Nionyeshe pua moja yenye nilikosea."

Aliondoka na godoro lake juu ya bodaboda na diploma zake mbili mapajani. Kabati alikataza lisiguswe na mtu mwingine, akanikabidhi mimi kazi ya kugeuza kitufe chake. Nilikasirika kwa ajili yake kuliko alivyokasirika yeye, na hasira ile nimeitunza vizuri.

Miaka imepita. Kiti chake sasa nakikalia mimi. Juzi ofisi ya juu, yenye mkubwa mwingine, kijana mchangamfu anayevaa tai nyembamba, ilinituma Petta nikamwalike Sista kwenye sherehe. Wanataka kumpa cheti, kimeshatiwa fremu, cha ubunifu wakati wa janga.

Nilimkuta uani anachagua karanga za mbegu, amekonda, nywele zote nyeupe, miguu peku. Alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Karibu, mwanangu. Umenenepa. Cheo inakula vizuri."

Nikampa salamu za Athieno, ambaye sasa ana watoto wawili. Akafurahi, akaniletea karanga za kuchemsha. Kisha nikamweleza kilichonileta.

"Cheti ya nini?"

"Ya ubunifu, Sista. Wanasema lile kabati lilikuwa werevu mkubwa."

"Lilikuwa njaa," akasema. "Mtu akikosa nyama akachemsha ngozi ya kiti, wewe unampatia cheti ya mapishi?"

Nikamenya karanga moja. Akaendelea kuchagua karanga zake, mbovu huku, nzima kule.

"Na stoo yako sasa iko namna gani?"

Ningeweza kumdanganya. Ni mzee, amestaafu, ningemwachia amani yake. Lakini Sista hakutufundisha hivyo. Nikamwambia kwamba wodi imerudi kuwa ya kifua kikuu, na wauguzi wangu wanahitaji barakoa zilezile. Nikamwambia kwamba kila nikiomba, ofisi hujibu kuwa kituo chetu kinajiweza, kwa sababu kina kabati. Jirani zetu wanaletewa chache kila mwezi, sisi katoni moja kwa mwaka na kupigiwa makofi. Kabati linawaka kila siku, nikamwambia, na alama kwenye mifuko zimepita pale alipotukataza zisipite.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Mimi niliwasha ile kitu kwa sababu gari haikuja," akasema polepole. "Sasa hawa wamefanya kabati ndio iwe gari."

"Ndiyo, Sista."

"Na wasichana wanaingia na hizo zimechoka?"

"Wanaingia. Na mimi naingia."

Nilimwona uso ukibadilika, nikajua kwamba kwenye sherehe hawatampata. Nikaanza kupanga kichwani maneno ya kuwaambia wakubwa, kwamba mzee anaumwa miguu, kwamba Petta ni mbali. Yeye akaweka ungo chini.

"Sherehe ni lini?"

"Ijumaa."

"Wageni watakuwa wengi?"

"Wengi. Hata watu wa redio wameitwa."

"Jukwaa iko?"

"Lipo. Na hema."

"Vizuri. Waambie nakuja," akasema Sista. "Nitachukua cheti yao, nitasema asante, nitakaa. Lakini sishuki pale mpaka nione gari ya maski imesimama mbele yangu, ziwe za mwaka mzima. Wakitaka kuondoa hema, waondoe. Wakichoka waende kulala kwao. Mimi nitakuwa kwa kiti."

"Sista, wataita polisi."

"Waite. Mimi ni mama mzee nimepewa cheti, nimekaa. Polisi atanishika na nini?"

Akauchukua ungo wake tena, akaanza kuchagua. Mimi nikatoa simu palepale uani, nikampigia yule mkubwa kijana, nikamwambia Sista amekubali kuja. Alifurahi sana.